Kadi za Ken Griffey Jr. Pekee: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara

Naishi kusini mwa Seattle, na sebuleni kwangu kuna rafu moja ambayo watoto hawaruhusiwi kuigusa. Ina albamu kumi na moja za kadi za besiboli, na kila kadi ina sura ya mtu yule yule: Ken Griffey Jr., aliyekuwa mchezaji wa Seattle Mariners, timu ya mji huu. Wageni wakishamaliza chai huniuliza, na jamaa walioko nyumbani huniuliza kwa simu. Majibu nimeyaweka hapa.

Kadi ya besiboli ni kitu gani hasa?

Ni kipande cha karatasi ngumu chenye upana wa inchi 2.5 na urefu wa inchi 3.5. Mbele kuna picha ya mchezaji, na nyuma kuna takwimu zake za kila msimu. Zamani kadi hizi zilitiwa ndani ya pakiti za sigara, baadaye zikauzwa pamoja na bazoka. Sisi tuliokulia Tanzania tumetafuna bazoka utoto wetu wote bila kujua kwamba Bazooka lilikuwa jina la bidhaa ya Topps, kampuni ile ile ya Marekani inayochapisha kadi hizi mpaka leo.

Kwa nini mchezaji mmoja tu? Huchoki kumtazama?

Nilichoka zamani, nilipokuwa nanunua za kila mtu. Maboksi yalijaa chini ya kitanda, na mtu akiniuliza nina nini, sikuwa na la kumjibu. Siku nilipoamua kubaki na mmoja, kadi zikaanza kuzungumza.

Chukua kadi yoyote ya Griffey ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 uigeuze. Usiitazame picha, soma mgongo. Mstari wa 1993 una homu rani 45. Mstari wa 1994 una michezo 111 na homu rani 40. Mtu asiyejua ataona namba tu. Anayejua atakumbuka kwamba Agosti 12, 1994, wachezaji waligoma, msimu ukafa, na hakuna aliyewahi kujua Griffey angefika wapi mwaka ule. Shuka mstari mmoja: 1995, michezo 72 tu. Mwezi Mei alikimbilia mpira ukutani, akaudaka, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Shuka tena: 49, kisha 56, kisha 56. Maisha ya mtu yapo pale kwa herufi ndogo kama za karatasi ya dawa, na kila mwaka kadi mpya inaongeza mstari.

Ukiwa na kadi za wachezaji elfu, husomi mgongo wa hata mmoja. Ukiwa na za mmoja, unazisoma zote. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo iliyonifanya nibaki.

Homu rani ndiyo nini?

Mpigaji anaupiga mpira hewani hadi unavuka uzio wa uwanja, naye anazunguka vituo vyote vinne bila kusumbuliwa na mtu. Griffey alipiga 630 katika ligi kuu.

Na kwa nini huyo Griffey?

Kwa sababu ya mji huu kwanza. Aliingia ligi kuu na Seattle Mariners tarehe 3 Aprili 1989, akiwa na miaka 19. Wiki moja baadaye, mara yake ya kwanza kushika gongo mbele ya mashabiki wa nyumbani ndani ya uwanja wa Kingdome, mpira wa kwanza aliorushiwa aliupeleka nje ya uzio. Timu hii haikuwa na historia ya kujivunia wakati ule. Yeye ndiye aliyewafanya watu waingie uwanjani.

Pili ni namna alivyocheza. Alikuwa akipigia kushoto, na mzunguko wa gongo lake ulikuwa laini kiasi kwamba ulidhani hatumii nguvu. Alilinda katikati ya uwanja wa nje na kupata tuzo ya Gold Glove, ya walinzi bora, mara 10 mfululizo, 1990 hadi 1999. Kabla ya mechi alivaa kapelo ameigeuza nyuma, wazee wakanung'unika, watoto wa Marekani nzima wakageuza za kwao. Mwaka 2016 aliingia kwenye Ukumbi wa Heshima wa besiboli kule Cooperstown kwa kura 437 kati ya 440.

Lazima nichague nyota? Pesa zangu ni chache.

Hapana, na ukweli ni kwamba asiye nyota mara nyingine ana raha zaidi, kwa sababu unaweza kweli kukaribia kumaliza kadi zake. Kama unataka mtu wa kwetu Afrika, yupo Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na Pittsburgh Pirates, alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, na akapata pigo safi mara ya kwanza tu aliposimama na gongo, mrushaji akiwa Jon Lester wa Chicago Cubs. Hakucheza muda mrefu huko juu, kwa hiyo kadi zake si nyingi na bei haiumizi. Laiti nisingekuwa na Griffey, leo ningekuwa na Ngoepe.

Ushauri wangu ni mmoja: chagua mtu ambaye ungetaka kusoma habari zake hata kama kadi zake zingekuwa bure.

Kadi zote za Griffey ni ngapi? Naweza kuzimaliza?

Ni maelfu kwa maelfu, na huwezi. Lielewe hilo mapema upate amani. Kadi moja ya kawaida siku hizi hutolewa kwa rangi kumi au zaidi, na baadhi yake imechapishwa nakala moja tu duniani. Kampuni bado zinachapisha kadi zake ingawa alistaafu Juni 2010.

Kwa hiyo kila mkusanyaji wa mchezaji mmoja anajiwekea mpaka. Yupo anayekusanya kadi za Mariners tu. Yupo anayechukua kadi moja ya kila seti, yaani ya kila toleo la kampuni. Mpaka wangu ni huu: kadi zilizotoka alipokuwa bado anacheza, na nisilipe zaidi ya dola 40 kwa kadi moja isipokuwa mara moja kwa mwaka. Uandike mpaka wako kwenye karatasi na uibandike ndani ya jalada la albamu ya kwanza. Usipouandika, utausogeza kila mwisho wa mwezi.

Nianzie kadi ipi?

Anza na za mwaka wake wa kwanza, 1989. Zinazojulikana zaidi, kwa jina la toleo na namba ya kadi, ni Upper Deck namba 1, Donruss namba 33, Fleer namba 548, Bowman namba 220 na Topps Traded namba 41T. Kwenye seti kuu ya Topps ya mwaka ule hayumo. Walimwingiza kwenye seti ya nyongeza iliyotoka baadaye.

Donruss, Fleer na Bowman unaweza kuzipata kwa bei ya chakula cha mchana. Ile ya Upper Deck ndiyo yenye hadithi, acha nikae hapo kidogo.

Upper Deck ilikuwa kampuni mpya kabisa. Ilitaka kadi zake ziwe bora kuliko za wengine wote: karatasi nyeupe safi, picha kali, pakiti ya karatasi ya fedha isiyofunguliwa na kurudishwa kinyemela, na hologramu nyuma ya kila kadi. Namba 1 ya seti ya kwanza ya kampuni mpya ungetegemea wampe bingwa aliyethibitika. Wakampa kijana ambaye hata hakuwa amecheza mechi moja ya ligi kuu. Picha waliyokuwa nayo ilipigwa akiwa na timu ndogo ya San Bernardino, basi wakaipaka rangi kapelo ionekane ya Mariners. Ukijua hilo, hutaitazama tena kadi ile kwa jicho la kawaida. Kijana anatabasamu, gongo begani, na juu ya kichwa chake kuna kapelo ambayo hakuivaa siku ile.

Kuna jambo moja tena. Kwa kuwa ilikuwa namba 1, ilikaa kwenye pembe ya karatasi kubwa la kuchapia lenye kadi 100. Pembe ndiyo inayogongwa kila karatasi linapobebwa. Ndiyo maana nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na kona iliyochoka tayari. Yangu ina kona ya juu kushoto iliyopauka kidogo, kama ncha ya ukucha. Nimepewa nafasi ya kuibadilisha na safi zaidi mara mbili, nikakataa.

Nitajuaje kwamba Upper Deck namba 1 si bandia?

Hii imeghushiwa sana, kuwa mwangalifu. Nunua kioo cha kukuzia, hata cha bei ndogo, na ununue kadi nyingine yoyote ya Upper Deck ya 1989, zile za senti kadhaa. Weka zote mbili chini ya taa. Linganisha unene wa karatasi na weupe wake. Linganisha maandishi: kwenye kadi halisi kingo za herufi nyeusi ni kali, kwenye bandia nyingi herufi zimejengwa kwa vidoti. Geuza uangalie hologramu, iinamishe huku na huku uone kama inacheza na mwanga au ni karatasi ya fedha iliyobandikwa tu. Kadi ya senti ndiyo mwalimu wako hapa, kwa sababu hakuna anayehangaika kuighushi.

Mbona kadi za 1990 na 1991 ni rahisi hivyo? Zina kasoro?

Hazina kasoro. Zilichapishwa kupita kiasi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu waliaminishwa kwamba kadi zitasomesha watoto wao, wakazihifadhi kwa katoni, nazo kampuni zikachapisha bila kupumua. Kitu ambacho kila mtu amekihifadhi hakiwezi kuadimika. Kwa mkusanyaji mpya hiyo ni neema: kwa dola 20 unaweza kupata kadi thelathini za Griffey za miaka ile, nzuri kabisa, na albamu yako ikaonekana albamu siku hiyo hiyo. Ile ya Leaf ya 1990, namba 245, ndiyo ghali kidogo kati yao, na kwa macho yangu inastahili.

Na hizo zinazouzwa maelfu ya dola?

Hizo ni za nusu ya pili ya miaka ya 1990, kampuni zilipogundua kwamba uchache unauzika. Wakaanza kupiga namba ya toleo kwenye kadi. Maarufu kuliko zote ni Precious Metal Gems za seti ya Metal Universe ya 1998: nakala 50 tu kwa kila mchezaji. Ya Griffey nimeiona kwa macho yangu mara moja, kwenye maonyesho ya kadi, ndani ya kabati la kioo lenye kufuli. Nilisimama pale mpaka mwenye meza akaniuliza kama nahitaji kiti.

Nifungue pakiti au ninunue kadi moja moja?

Moja moja. Pakiti ni kamari, na wewe unamtaka mtu mmoja kati ya mamia.

Niipeleke kadi ikapimwe daraja?

Kampuni kama PSA huikagua kadi, huipa alama kati ya 1 na 10, kisha huifungia kwenye kasha gumu la plastiki. Wanaangalia kona, kingo, uso wa kadi, na kama picha imekaa katikati. Kwa kadi ya bei kubwa ina maana, hasa kwa kuzuia bandia. Kwa kadi ya dola mbili ni kutupa pesa, maana kupima peke yake kunagharimu mara kadhaa ya bei ya kadi.

Usisahau pia kwamba Upper Deck namba 1 zilizopata alama 10 ni zaidi ya 4,000. Alama 10 haimaanishi adimu.

Kipimo hicho kiliwahi kunifungua macho. Nilinunua kwa mtu mtandaoni kadi ya Bowman ya 1992, namba 100, kona zake kali kama wembe. Nikafurahi, nikaipeleka. Ikarudi bila alama, na maelezo kwamba imepunguzwa ukingo. Nikaiweka juu ya kadi nyingine ya seti ile ile, nikazisukuma zote mbili zigonge meza. Yangu ilikuwa fupi kwa unene wa uzi. Mtu alikuwa amechukua kisu akazikata kona zilizochakaa. Siku hizi kabla ya kumsifu mtu kwa kona kali, naipima kadi kwanza kwa mwenzake.

Kadi zangu za Finest, seti ya Topps inayong'aa, zina ngozi ya plastiki juu. Niibandue?

Wakusanyaji wanaweza kukosana kwa hili. Topps walianza kuiweka ngozi hiyo katikati ya miaka ya 1990 ili kulinda uso unaong'aa. Ukiiacha, kadi inabaki ilivyotoka kiwandani lakini Griffey anaonekana kama yuko nyuma ya dirisha lenye vumbi. Ukiibandua, mng'aro unatoka, ila huwezi kuirudisha. Nimebandua zangu zote isipokuwa moja. Anza kwenye kona, vuta polepole ukiilaza ngozi chini karibu na kadi, usiinyanyue kwenda juu, la sivyo utaikunja kadi.

Niko Pwani. Unyevu hautaziharibu?

Utaziharibu usipojipanga. Kadi zinazong'aa za mwanzoni mwa miaka ya 1990 hushikana zikilaliana kwenye joto na unyevu, ikawa tofali. Nililetewa moja la namna hiyo na binamu yangu, kadi kama hamsini zilizokaa miaka kwenye sanduku la bati huko Tanga. Tulijaribu kuzitenganisha kwa kukunja tofali taratibu huku na huku mpaka zikaanza kulia tik, tik, moja baada ya nyingine. Tuliokoa kumi na tatu. Zilizobaki ziliacha sura zao kwenye migongo ya wenzao.

Kila kadi iwe na kifuko chake laini, asije akalala mtu juu ya mwenzake. Zenye thamani zitie tena kwenye kifuko kigumu. Tumia kurasa za albamu zisizo na plastiki ya PVC, albamu isimame wima kama kitabu, isilale. Weka vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya na uvibadilishe vikishashiba. Usiziweke ukutani linapopiga jua, wala kwenye kabati lililogusana na ukuta wa bafu. Chumvi ya bahari inakula bati kwanza, kwa hiyo sanduku la bati liache kwa nguo.

Nazipataje nikiwa Dar au Mombasa?

Gharama kubwa ni usafiri kuliko kadi. Njia iliyowafaa wengi ninaowajua ni COMC, soko la kadi la mtandaoni, ambao wako hapa hapa jimbo la Washington. Unanunua kadi moja moja kwa wauzaji tofauti, zinakaa kwenye ghala lao kwa jina lako, na ukishakusanya za kutosha unaomba zitumwe zote kwa mkupuo mmoja. Kwenye eBay kila muuzaji anatuma ya kwake, na posta itakumaliza.

Njia ya pili ni ile tunayoijua sote: ndugu anayekuja likizo. Kadi mia moja zina uzito mdogo kuliko chupa ya losheni. Mwambie tu azibebe kwenye mkoba wa mkononi.

Kadi alizovaa jezi ya Cincinnati Reds unazihesabu?

Nazihesabu. Kuna wakusanyaji wa huku wanaozikataa, na naelewa uchungu wao, kwa sababu alipoondoka Februari 2000 mji huu uliumia. Lakini kule ndiko alikokulia, na baba yake alikuwa ameichezea Reds hiyo hiyo. Griffey mdogo alivaa namba 30 mgongoni, namba ya baba. Majeraha yalimtafuna miaka ile, na migongo ya kadi inaonyesha wazi. Ukiyaruka, unakuwa na nusu ya mtu.

Baba yake naye ana kadi?

Anazo, Ken Griffey Sr., na mimi namruhusu kuingia kwenye albamu. Agosti 31, 1990, baba na mwana walicheza pamoja kwenye timu moja ya Mariners. Siku kumi na nne baadaye, kule Anaheim, baba alipiga homu rani, akaja mwana akapiga yake papo hapo baada yake. Haikuwahi kutokea kabla. Kadi zinazowaonyesha wote wawili zilitoka kadhaa na ni za bei nafuu. Wanangu, ambao Griffey hawamjui, hizo ndizo wanazoomba kuziona.

Hii ni akiba? Nitauza kwa faida baadaye?

Usiweke humo pesa ya ada wala ya kodi ya nyumba. Bei hupanda na kushuka bila kukupigia hodi.

Unatafuta kadi gani sasa?

Ya mwaka 1987, alipokuwa na Bellingham Mariners, timu ndogo iliyokuwa kaskazini ya hapa. Alikuwa na miaka 17, ndiyo kwanza amechaguliwa wa kwanza nchi nzima, timu za ligi kuu zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu. Timu ilichapisha seti yake yenyewe, karatasi ya kawaida, bila hologramu, bila rangi ya kupachika kwenye kapelo. Nakala zilizofika sokoni nimeziona, ila kila mara ni juu ya mpaka niliouandika.

Mwaka jana nilimchukua binti yangu tukaenda Everett, nusu saa hivi kaskazini mwa Seattle. Huko, tarehe 17 Juni 1987, kijana yule wa Bellingham alipiga homu rani yake ya kwanza akiwa mchezaji wa kulipwa, na mahali mpira ulipoangukia, nje ya uwanja, kando ya barabara, wameweka alama chini. Tuliitafuta kidogo, mvua inanyunyiza. Binti akaiona kabla yangu. Akasimama juu yake, akageuka kuutazama uzio, akaniuliza, "Baba, alipiga kutoka kule mpaka hapa?" Nikamwambia ndiyo. Akapima kwa hatua mpaka kwenye uzio, akihesabu kwa sauti, na alipomaliza akaniomba nimtafutie kadi ya siku ile.